Miji ya kale isiyo na kuta: siku moja kutoka Ukenyenge hadi Geita

Aendaye Kilwa Kisiwani huonyeshwa msikiti wa mawe na magofu ya Husuni Kubwa, akarudi ameridhika kwamba mji wa kale ameuona. Akija Shinyanga na swali lilelile, wengi watamjibu kwamba huku hakuna. Hawamdanganyi kwa makusudi, lakini wamekosea. Usukumani makao ya watawala yalikuwepo, ila yalijengwa kwa miti, udongo na nyasi, na mara nyingi yalihama pamoja na mwenyewe. Mtemi akifa, mrithi wake aliweza kusimika ikulu yake kwingine. Nyuma lilibaki kaburi, miti isiyoruhusiwa kukatwa, na wazee wanaojua ni nani amelala pale.

Kwa hiyo msafiri wa huku hatafuti kuta. Atafute wazee na miti.

Mahali pazuri pa kuanzia alfajiri ni Ukenyenge, wilayani Kishapu, ikulu ya utemi wa Busiya. Katika miaka ya 1920 Mtemi Makwaia alishirikiana na Mwingereza Charles Swynnerton, mtaalamu wa mbung'o, katika kampeni ya kufyeka na kuchoma mapori ili kumnyima mdudu yule maficho. Watu kwa maelfu walitoka na mashoka yao kwa sababu mtemi ameita. Mwanawe, Kidaha Makwaia, alikuja kukalia kiti cha utemi, na mwaka 1945 yeye na Mangi Abdiel Shangali wa Uchaga wakawa Waafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Miaka 18 baadaye, mwaka 1963, utemi ukafutwa kisheria nchi nzima. Karatasi ilifuta madaraka, haikufuta mahali. Hadi leo watu hukusanyika Ukenyenge kwa tamasha la Sanjo ya Busiya, ngoma zikapigwa na himaya ikatajwa kana kwamba 1963 haikupita.

Mapori yaliyofyekwa yanastahili maneno zaidi, maana ndiyo yanayoeleza thamani ya maeneo ya tambiko. Baada ya mbung'o ikaja pamba, mifugo ikaongezeka, kisha vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 vikawaondoa watu karibu na malisho waliyokuwa wakiyatunza. Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na katika miaka ya mwanzo nguvu ziliwekwa kwenye miche ya kigeni. Ukijani ulirudi hasa pale wataalamu walipokubali kujifunza ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho isiguswe mpaka kiangazi kiume. Mlinzi wake hakuwa bwana misitu. Ilikuwa dagashida, baraza la wanakijiji, linalomtoza faini mvunja amri hata awe tajiri wa ng'ombe. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Nisemavyo mimi, tuzo ile ilikuwa ya wahenga walioweka miiko kwanza.

Mwadui ipo wilaya hiyohiyo ya Kishapu, wala hapahitaji muda mrefu. Mkanada John Williamson aligundua almasi hapo mwaka 1940, katika mwamba ambao sehemu yake ya juu ina ukubwa wa hekta 146. Mwaka 1947 lilipatikana jiwe la waridi la karati 54.5, akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth aliyekuwa akiolewa. Historia ya jiwe lile imeandikwa tangu siku lilipotoka ardhini. Ngoma za watemi hazikupata bahati hiyo. Kama si Padri David Clement kuzikusanya katika makumbusho ya Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, nyingi zingeishia jikoni kama kuni.

Tangu Juni 2025 safari ya Geita imekuwa nyepesi, kwani daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria limewaondolea wasafiri foleni ya kivuko. Ng'ambo ni Uzinza, nchi ambayo mpelelezi Mwingereza Speke aliipita mwaka 1861 huku akinyang'anywa hongo na kila mtawala.

Geita inajulikana kwa dhahabu. Wajerumani waliigundua mwaka 1898, mgodi wa kikoloni ukafanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000. Lakini kabla ya dhahabu palikuwa na chuma. Warongo, mafundi wa vilima hivi, waliyeyusha mawe kwa mkaa na mivuo wakafua majembe yaliyolima Usukuma na kulipia mahari. Tanuri lao lilikuwa mahali patakatifu: dawa zilifukiwa chini yake, na fundi alijitenga na mkewe mpaka kazi iishe. Alama walizoacha watu hao ni mavi ya chuma na vipande vya mirija ya udongo, vitu ambavyo mchimbaji wa duara huvitupa kando bila kuuliza, na mashine ya karasha ikavisaga.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo na vitu vya kabla ya 1863. Kwa ukuta wa Kilwa inatosha. Kwa kichaka chenye kaburi la mtemi haina macho. Na wazee hawana hamu ya kujitokeza: baada ya mauaji ya watu wenye ualbino kuitia doa kanda hii, na marufuku ya wapiga ramli ya Januari 2015, anayezungumzia mizimu huchelea kudhaniwa mshirikina.

Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya 2017, inazitaka kampuni zikubaliane na halmashauri kila mwaka kuhusu fedha za huduma kwa jamii. Fedha hizo hujenga madarasa na zahanati, na ni haki. Madiwani wa Geita, Nyang'hwale na Kishapu watenge sehemu ndogo tu: wazee waketishwe, makaburi ya watemi na matanuri ya Warongo yapimwe na kuwekewa mawe ya mipaka, kabla leseni nyingine ya uchimbaji haijachorwa juu yake.