Podikasti za Kikristo: namna ya kuzichagua na kuzitumia kanisani

Katika mtaa wa Keshero, upande wa magharibi wa mji wa Goma, Mkristo mwenye simu anaweza leo kusikiliza mahubiri kutoka Lusaka, somo la uongozi kutoka Kanada, na mafundisho ya mtu ambaye hajui hata anakotoka, yote hayo kabla ya ibada ya asubuhi. Mchungaji wake wa parokia hana habari. Jumapili anahubiri kwa watu ambao wiki nzima wamefundishwa na wengine.

Makala hii inaeleza podikasti ni nini, zimetoka wapi, zipi zinafaa kuanza nazo, namna ya kuzipima na namna ya kuzisikiliza kwa pamoja. Tunaiandika kwa ajili ya wachungaji, wazee wa kanisa, mashemasi na viongozi wa vijana na wa wamama. Msimamo wetu ni huu: podikasti inaweza kuwa mwalimu msaidizi mzuri sana, lakini haiwezi kuwa mchungaji. Faida yake inaonekana pale ambapo kilichosikiwa kinaletwa kati ya ndugu, kinaulizwa maswali na kutendwa.

Podikasti ni nini

Podikasti ni mfululizo wa vipindi vya sauti vinavyowekwa kwenye intaneti. Msikilizaji anaweza kuvisikiliza moja kwa moja au kuvipakua na kuvihifadhi. Redio ina saa yake, na ukichelewa kipindi kimepita. Podikasti hukungoja: unaisimamisha, unairudia, unampa jirani. Neno lenyewe lilionekana mwaka 2004 katika gazeti la The Guardian la Uingereza, na mwaka 2005 kampuni ya Apple iliziingiza podikasti katika programu yake ya iTunes. Tangu hapo zimeenea duniani kote.

Zile za Kikristo ni za aina chache. Kuna mahubiri ya Jumapili yaliyorekodiwa, masomo ya Biblia kitabu kwa kitabu, maswali ya waumini na majibu ya mchungaji, mazungumzo juu ya uongozi wa kanisa, na masimulizi ya historia au ushuhuda. Kwetu nyingi hazifiki kwa jina la podikasti. Hufika kama sauti iliyotumwa katika kikundi cha WhatsApp, bila jina la msemaji wala tarehe.

Makanisa yetu na mafundisho ya sauti

Jambo hili si geni kabisa. Tarehe 26 Februari 1963, Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifungua redio ya Sauti ya Injili mjini Addis Ababa, Ethiopia. Ilirusha matangazo kwa lugha nyingi za Afrika na Asia, na vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi, Tanzania. Mwaka 1977 serikali ya Ethiopia iliitaifisha redio hiyo, lakini studio ya Moshi iliendelea na kazi. Trans World Radio nayo ilianza kurusha matangazo kutoka Eswatini mwaka 1974. Wazee wetu wengi walijifunza Biblia wakiwa wameketi kuizunguka redio moja, na mara nyingi aliyekuwa na redio alikuwa na majirani sebuleni.

Kuna mfano mwingine unaotufaa zaidi. Mwaka 1963 seminari ya Wapresbiteri nchini Guatemala ilianza kuwafundisha viongozi wa makanisa bila kuwaondoa vijijini mwao. Njia hiyo imeenea hata Afrika, na katika Kiswahili huitwa elimu ya theolojia kwa enezi. Ina sehemu tatu: mwanafunzi anajisomea nyumbani, anatumika katika kanisa lake, kisha anakutana na mwalimu na wenzake ili kujadili. Ukiondoa sehemu moja, elimu inalegea.

Podikasti inatupatia sehemu ya kwanza tu. Inaleta somo nyumbani, tena kwa bei ndogo. Mkutano na utendaji ni juu yetu.

Hali ya Keshero

Keshero ni mmoja wa mitaa 18 ya mji wa Goma. Uko karibu na ziwa Kivu, upande wa barabara iendayo Sake. Watu wa Goma wanajua maana ya kutawanyika. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, siku chache baadaye maelfu ya familia walihama mji, wengi wakielekea Sake. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na Goma ikawa mikononi mwa M23, umeme, maji na intaneti vilikatika kwa siku kadhaa, na benki zikafungwa. Kwaya zilitawanyika, na vikundi vya maombi vilibaki na watu wachache.

Katika hali kama hiyo, somo lililohifadhiwa ndani ya simu lina thamani kubwa. Halihitaji mtandao wala mwalimu aliyeweza kuvuka barabara. Kwa hiyo tunashauri kila parokia iwe na maktaba ya sauti iliyohifadhiwa, isitegemee kusikiliza moja kwa moja kwenye intaneti.

Hesabu yake ni hii. Kipindi cha dakika 30 kilichorekodiwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde huchukua mega 14 hivi. Kwa kilobiti 128 huchukua karibu mega 29, na kwa mahubiri ya mtu mmoja tofauti ya sauti haisikiki sana. Kadi ya simu ya giga 8 inaweza kubeba vipindi zaidi ya 500 vya ukubwa ule wa kwanza. Mtu mmoja akipakua mahali penye mtandao mzuri, wengine wanapokea kwa Bluetooth au kwa kadi bila kununua mega hata moja.

Vipindi vya kuanza navyo

Kwa Kiswahili, tunapendekeza kuanza na Biblia yenyewe. Programu ya Bible.is, ya shirika la Faith Comes By Hearing, ina Biblia ya sauti kwa Kiswahili na kwa mamia ya lugha nyingine, na sura zinaweza kupakuliwa. Mafundisho ya Thru the Bible ya J. Vernon McGee, yanayopitia Biblia yote kwa miaka mitano, yametafsiriwa pia kwa Kiswahili. McGee alifariki mwaka 1988 na bado anafundisha. Huo ni uzuri wa sauti iliyohifadhiwa, na pia ni mpaka wake: anaweza kukueleza kitabu cha Warumi, lakini hawezi kukutembelea hospitalini wala kukuuliza kwa nini humsemeshi ndugu yako.

Kwa Kifaransa, ambacho wachungaji wengi wa Kongo wamesomea, kuna Un pasteur vous répond ya mchungaji Florent Varak. Ni vipindi vifupi, kila kimoja kikijibu swali la muumini. Hufaa sana kwa kuanzisha mjadala wa wazee wa kanisa.

Wanaosikia Kiingereza wanaweza kufuata podikasti ya BibleProject, inayoeleza mada kubwa za Biblia. Wanaweza pia kusikiliza mahubiri ya Conrad Mbewe, mhubiri wa Kibaptisti wa Lusaka, anayesema na Waafrika juu ya mambo ya Kiafrika. Juu ya uongozi kuna kipindi cha Carey Nieuwhof wa Kanada. Kiongozi wa Keshero akisikilize kwa kuchagua: mengi yake yanahusu makanisa yenye bajeti na wafanyakazi wa mishahara. Ushauri juu ya kupumzika, kusikiliza wenzako na kukabidhi kazi unavuka bahari, ila ule wa kuajiri na kupanga majengo mara nyingi hauvuki.

Maswali manne ya kuipima sauti

Waberoya walisifiwa kwa sababu walichunguza Maandiko kila siku waone kama maneno ya Paulo ni kweli (Matendo 17:11). Ikiwa mtume alichunguzwa, mhubiri wa simu naye achunguzwe.

Swali la kwanza: je, anafundisha Maandiko au ndoto zake? Huko Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, tangu mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu waliohusishwa na kanisa la Paul Mackenzie. Waendesha mashtaka wanasema waumini walifundishwa kufunga hadi kufa. Yeye amekana mashtaka. Mahubiri yake ya Kiswahili yalikuwa yamesikika kwenye televisheni na intaneti, mbali na msitu ule.

La pili: nani anamsimamia? Kanisa la Mars Hill la Seattle, Marekani, lilianza mwaka 1996, na mahubiri ya mchungaji wake Mark Driscoll yalipakuliwa duniani kote. Mwaka 2014 alijiuzulu baada ya uchunguzi wa ndani juu ya ukali wake na namna alivyowatawala wenzake, na kanisa likavunjwa. Mwaka 2021 jarida la Christianity Today lilisimulia habari hiyo katika podikasti, The Rise and Fall of Mars Hill. Wasikilizaji wa mbali walisikia kipawa. Walioketi naye mezani waliona tabia. Ndiyo maana tunauliza: msemaji huyu ana kanisa? Ana wazee wanaoweza kumwambia hapana?

La tatu: anasema nini juu ya jirani? Sisi wa Kivu hatuwezi kuliruka swali hili. Redio RTLM ilianza nchini Rwanda mwaka 1993, na mwaka 1994 ilichochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Julai mwaka huo mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma. Sauti yoyote inayolifanya kabila fulani kuwa adui wa Mungu, hata ikiwa imefunguliwa kwa sala na kufungwa kwa wimbo, isitumwe kwa mwingine. Ifutwe.

La nne: anaomba nini? Kuomba sadaka si dhambi, na kazi ya sauti ina gharama. Lakini anayeahidi uponyaji, mume au visa kwa yule atakayetuma fedha kwenye namba ya simu, anauza kile ambacho Mungu anatoa bure.

Namna ya kusikiliza pamoja

Tunapendekeza kikundi cha watu 8 hadi 12, mara moja kwa wiki, kwa saa moja na robo. Kiongozi asikilize kipindi chote kabla ya siku hiyo. Siku ya mkutano, wasome kwanza fungu la Biblia linalohusika, kisha wasikilize dakika 15 hadi 20 kwa spika ndogo. Kipindi kirefu kigawanywe mara mbili.

Baada ya kusikiliza, maswali yanatosha kuwa manne. Amesema nini? Je, fungu tulilosoma linasema hivyo? Ni nini hakilingani na maisha yetu hapa? Kila mmoja atafanya nini kabla ya mkutano ujao? Wiki inayofuata waanze na swali la mwisho: tulilosema tutafanya, tumelifanya? Hapo ndipo somo linapogeuka kuwa uanafunzi.

Kuna watu wa kukumbuka. Katika nyumba nyingi simu ni moja na hukaa na baba. Basi kikundi cha wamama kipewe spika na kadi ya parokia. Asiyesikia vizuri aandikiwe muhtasari. Wazee wanaosikia Kihunde, Kinande, Mashi au Kinyarwanda kuliko Kiswahili wapate mtu wa kuwafasiria.

Parokia ikitaka kurekodi yake

Simu ya kawaida inatosha. Chagua chumba kidogo chenye mapazia na godoro, maana kuta tupu hurudisha mwangwi, na usirekodi wakati wa mvua chini ya mabati. Dakika 15 ni urefu mzuri. Mwanzoni taja jina la msemaji, kanisa lake na tarehe, ili sauti isizunguke kama yatima. Wazee wawili wasikilize kabla haijatumwa.

Ushuhuda una sheria yake. Usitume sauti ya mtu aliyeteswa au kubakwa bila ridhaa yake kamili, na hata akikubali, usitaje jina, mtaa wala mahali anapolala. Usiseme waliohama wamejificha wapi. Sauti ikishatumwa hairudi, na katika mji kama wetu neno moja linaweza kumgharimu mtu uhai.

Mwisho

Paulo aliwaagiza Wakolosai wasome barua yake kanisani, kisha waipeleke Laodikia, nao wapokee ile ya huko (Wakolosai 4:16). Mafundisho yalipita kutoka kusanyiko hadi kusanyiko. Lakini katika sura hiyo hiyo anasema kwamba Tikiko na Onesimo watakuja pamoja na barua, wawaeleze mambo yote na kuwatia moyo. Barua ilikwenda na watu.

Basi tusiwazuie waumini wa Keshero kusikiliza. Wiki hii, mchungaji au mzee awaulize watu watano wa parokia yake: unasikiliza nani? Aandike majina hayo, asikilize walau kipindi kimoja cha kila mmoja, kisha akae nao wakizungumze.