Kabla ya kulipia chumba Uchina, uliza kwanza kama pasipoti yako itapokewa

Nayaandika haya nikiwa Kimulot, kaunti ya Bomet, nimejifunika blanketi mbili na bado natetemeka. Sisi watu wa Mombasa baridi ya huku hatuijui. Nimekuja kumtazama dada yangu aliyejifungua. Mumewe ni mkulima wa majani chai, kama walivyo majirani wake wengi hapa. Juzi usiku, baada ya swala ya Isha, aliniletea kikombe cha chai ya maziwa, akakaa, akasema: “Shemeji, wenzangu wamenichagua mimi. Nakwenda Uchina.”

Wao ni kikundi cha wakulima kumi na wanane. Miaka yote wamekuwa wakichuma majani mabichi na kuyapeleka kiwandani, kisha chai iliyosindikwa inateremshwa hadi kwetu Mombasa, kwenye mnada ulio mjini mwetu tangu 1969. Bonasi inayorudi upande huu wa magharibi ya Bonde la Ufa imekuwa ikilalamikiwa kuwa ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Basi wamechanga, wanataka mashine ndogo za kusindika chai wenyewe.

Mimi nimefika Guangzhou mara kadhaa kwa biashara ya nguo. Nilidhani ataniuliza habari za mashine au za kontena. Swali lake lilikuwa moja tu: “Nitalala wapi?” Akanionyesha simu. Alikuwa ameona chumba cha yuani 80 kwa usiku, na kidole chake kilikuwa karibu kubonyeza alipie siku sita. Nikamwambia, subiri kwanza.

Kilichonipata mimi

Safari yangu ya kwanza nilifanya hivyo hivyo. Nilichagua chumba cha bei ya chini kabisa, nikalipa kabla ya kuondoka nyumbani. Nilifika mlangoni saa tano usiku na mizigo yangu. Binti wa mapokezi aliitazama pasipoti, akaigeuza, akatikisa kichwa. Nilimwonyesha risiti ya malipo, akatikisa kichwa tena. Hoteli ya pili jibu likawa lile lile. Ya tatu ilinipokea, kwa bei mara mbili ya ile niliyopanga, na fedha za kwanza zilichukua wiki kadhaa kurudi.

Usiku ule nilidhani ni rangi yangu au dini yangu. Sisemi mambo hayo hayapo. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi Guangzhou walitolewa kwenye vyumba na hoteli wakalala barabarani, na serikali za Kiafrika, yetu ikiwemo, zikalalamika. Lakini mara nyingi sababu ya kukataliwa ni ya kawaida zaidi, na ukiijua unaweza kujikinga nayo.

Sheria inavyosema

Sheria ya Uchina ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 2013, inaitaka kila hoteli imsajili mgeni wa nje kwa polisi. Ukilala nyumbani kwa rafiki, wewe au mwenyeji wako mnatakiwa kujiandikisha kwa polisi ndani ya saa 24. Kwa hivyo mwenye hoteli hakupi ufunguo tu, anakuingiza kwenye daftari la serikali.

Kwa miaka mingi hoteli ndogo nyingi zilikuwa zikisema hazina ruhusa ya kupokea wageni wa nje. Mei 2024 serikali yao ilitoa agizo kwamba hoteli isimkatae mgeni kwa kisingizio cha kukosa kibali. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo agizo la Beijing na mfanyakazi wa zamu ya usiku ni vitu viwili. Yeye amezoea kitambulisho cha Mchina. Kama hajui kuingiza pasipoti ya Kenya kwenye kompyuta, atakwambia hakuna nafasi, nawe usiku huo huna pa kulala.

Kwa hivyo fanya hivi. Kabla ya kulipa, iandikie hoteli ujumbe kwa Kichina, ukitumia programu ya kutafsiri: “Mimi ni Mkenya, nina pasipoti ya Kenya. Je, mnaweza kunisajili?” Ngoja jibu, kisha lihifadhi picha yake kwenye simu. Soma pia masharti ya wageni kwenye programu ya kukodi vyumba, kwa mfano Trip.com, na uchague chumba kinachoweza kufutwa bila gharama.

Bei ya haki

Ninapoandika, yuani moja ni kama shilingi 18 za Kenya. Guangzhou, kwa yuani 150 hadi 250 unapata chumba safi chenye bafu lake katika hoteli za kampuni zenye matawi nchi nzima, kama Hanting, Home Inn, 7 Days au Jinjiang Inn. Hiyo ni kama shilingi 2,700 hadi 4,500. Tawi moja likikupokea usidhani jingine litakupokea pia. Uliza kila mara.

Tazama na kalenda. Maonyesho ya Canton, yaliyoanza 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka: kati ya Aprili na mwanzo wa Mei, kisha kati ya Oktoba na mwanzo wa Novemba. Siku hizo bei za vyumba hupanda sana. Wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu ya taifa, na mwaka mpya wao, Januari au Februari, viwanda hufungwa. Shemeji alikuwa amepanga kwenda katikati ya Oktoba, punde tu bonasi ikilipwa. Nimemwambia asogeze hadi mwisho wa Novemba.

Mtaa wa kukaa

Guangzhou, anzia Xiaobei. Ni mtaa wenye stesheni ya treni za chini ya ardhi, na wafanyabiashara wa Kiafrika na Kiarabu wameuzoea miaka mingi. Hoteli za hapo zimeshaona pasipoti za kila aina. Mtaa wa Sanyuanli nao una Waafrika wengi. Chakula cha halali si tabu: tafuta maandishi ya “qingzhen”, mara nyingi kwenye kibao cha kijani. Vibanda vya tambi za Lanzhou vipo kila mahali, na wenyewe aghalabu ni Waislamu wa Kihui.

Kwa swala ya Ijumaa, nenda Msikiti wa Xianxian, si mbali na stesheni kuu ya reli. Hapo pana kaburi ambalo Waislamu wa huko wanaamini ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas, radhi za Allah ziwe juu yake. Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara wa kale, uko mjini pia. Na ukumbuke kibla: hapa Kimulot twaelekea kaskazini, huko unaelekea magharibi, ukipinda kidogo kaskazini.

Mashine anazozitaka zinatengenezwa kwa wingi Anxi, mkoa wa Fujian, kwenye milima ya chai kama hii ya kwake. Anxi ni mji mdogo, na mgeni wa nje hapo ni kitu cha kushangaza. Nimemshauri alale Quanzhou, jiji ambalo Anxi iko chini yake, asubuhi aende kiwandani na jioni arudi. Quanzhou ilikuwa bandari kubwa ya wafanyabiashara Waislamu zamani, na Msikiti wake wa Qingjing ni wa tangu 1009. Hatakuwa mgeni wa kwanza pale.

Staha ya chumba

Chumba cha bei nafuu kina mambo yake. Kwanza, uliza kama kina dirisha, kwa sababu vingi vya bei ya chini havina. Pili, omba chumba kisichovutwa sigara. Tatu, kama mnasafiri wawili, tazama picha za bafu, maana mara nyingi ukuta wake ni kioo kitupu. Nne, chooni utakuta karatasi tu. Beba kopo lako. Tano, ukipigiwa simu usiku na sauti usiyoijua ikakupa huduma ya kukandwa, kata, funga mlango, lala.

Zuri ni kwamba karibu kila chumba kina birika la umeme. Beba majani yako ya chai.

Fedha na simu

Uchina watu hulipa kwa simu kama sisi na M-Pesa. Weka Alipay au WeChat kwenye simu ukiwa bado nyumbani, uunganishe na kadi yako ya Visa au Mastercard, na ubebe noti kidogo za akiba. Hoteli nyingi hudai amana, ambayo hurudishwa ukitoka, kwa hiyo chukua risiti. WhatsApp na Google hazifanyi kazi huko kwa njia ya kawaida. Anwani ya hoteli ihifadhi kwa herufi za Kichina, na ukifika chukua kadi yao ya mapokezi umwonyeshe dereva wa teksi.

Ukikataliwa mlangoni, usigombane. Piga 12367, namba ya idara yao ya uhamiaji, ambayo hupokea simu usiku na mchana kwa Kichina na Kiingereza, kisha mpe mfanyakazi simu azungumze nao. Ikishindikana, nenda kwenye tawi la hoteli kubwa lililo karibu. Panga ndege ifike mchana, ili haya yote yakitokea jua liwe bado lipo.

Kikao cha asubuhi

Jana asubuhi kikundi kilikutana hapa uani. Shemeji aliwaeleza kwamba kile chumba cha yuani 80 amekiacha. Aliwaandikia, wakamjibu hawapokei wageni wa nje. Ameweka kingine Xiaobei cha yuani 190, nao wamejibu kwamba pasipoti ya Kenya wanaisajili. Mama mmoja mzee, ambaye mikono yake imeshapinda kwa kuchuma, akauliza: “Kwa usiku sita, tofauti ni ngapi?”

Shemeji akapiga hesabu. Yuani 660, karibu shilingi 12,000. Uani pakawa kimya. Kwa watu hawa hivyo ni vikapu vingi vya majani.

Kisha yule mama akasema: “Ukilala nje na fedha zetu mfukoni, zitalala nazo nje. Lipa.”

Nasi tukanywa chai. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi leo ni siku ya nne, nimepewa kikapu, na mgongo wauma. Hapa Kimulot hakuna aliyeniuliza kitambulisho. Huko aendako shemeji yangu wataanza na pasipoti, na hilo si kosa la mtu. Muhimu ni ajue kabla hajapanda ndege ni mlango gani utafunguliwa.