Fasihi Simulizi Darasani: Kutoka Waraka wa 1968 hadi Sheria ya 2016

Historia ya fasihi simulizi katika shule za Kenya aghalabu husimuliwa kama historia ya ushindi. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka uliopendekeza kufutwa kwa Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Hoja yao ilikuwa kwamba Afrika iwe kitovu cha masomo, na fasihi nyinginezo zitazamwe kwa uhusiano wake nayo. Mwaka 1974 suala hilo lilijadiliwa katika kongamano la walimu na wasomi lililofanyika Nairobi School. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, fasihi simulizi ilipata nafasi yake katika silabasi na, muhimu zaidi kwa mwanafunzi, katika mtihani.

Hata hivyo, kilichoingia darasani kilikuwa matini, si utendaji. Chukua mfano wa kitendawili. Kimapokeo, mtegaji huita, hadhira huitikia 'tega', na wanaposhindwa kutegua hudaiwa mji kabla ya jibu kutolewa. Mna humo mashindano, kicheko na heshima baina ya pande mbili. Katika kitabu cha mazoezi, kitendawili kimekuwa swali lenye jibu moja sahihi. Mwanafunzi hukariri sifa za utanzu bila kuwahi kuwa hadhira, sembuse fanani. Mtihani, uliokusudiwa kuipa fasihi hii hadhi, ndio ulioinyang'anya uhai.

Tatizo la pili ni la umiliki, nalo ni zito zaidi. Ngano huchapishwa kwa jina la mkusanyaji; mtambaji hubakia 'mzee mmoja wa kijijini'. Kadhalika, si kila utungo umekusudiwa kila sikio. Katika jamii nyingi nyimbo za jando zina msimu wake na wanaostahiki kuzisikia. Katika makaya ya Wamijikenda, yaliyoorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, yapo maarifa yaliyohifadhiwa na wazee kwa miiko. Mwalimu anayemtuma mwanafunzi 'akakusanye nyimbo' bila kumfunza kuomba idhini humfunza kunyakua.

Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni iliitambua jamii kuwa mmiliki, na kuifanya idhini yake kuwa msingi wa matumizi ya wengine. Lakini sheria haiwezi kuchukua nafasi ya adabu. Mtalaa wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, unamruhusu mwalimu kumwita mzee darasani kama mgeni mwalikwa. Nafasi hiyo itafaa iwapo mzee ataulizwa mapema anachopenda kusimulia na asichopenda, ataachiwa lugha yake, jina lake litaandikwa ubaoni kama la mtunzi yeyote, na ukimya wake utaheshimiwa.

Waandishi wa waraka wa 1968 waliuliza ni fasihi gani iwe katikati. Swali hilo limejibiwa kwa kiasi kikubwa. Lililosalia ni hili: wenye fasihi hiyo wamekaa wapi darasani? Wakiendelea kusimama mlangoni, kitovu kitakuwa kimehama kwenye karatasi tu.