Springi na Shokamzoba za Gari Kuukuu: Tulivyozibadilisha Baba Dogo

Mpwa wangu anaishi Baba Dogo, Nairobi, hatua chache kutoka kiwanda anachofanyia kazi. Mwaka jana alinunua Subaru Impreza ya mwaka 2003. Vijana wanaipenda gari hii na sababu inajulikana: Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns akashinda ya 2000 kwa Impreza vilevile.

Nilipokuwa Nairobi kwa shughuli zangu, aliniambia, "Mjomba, Idd hii namleta mama Mombasa kwa gari yangu." Nikamwambia, "Vizuri mwanangu, lakini niipande kwanza."

Nilisomea ufundi wa magari hadi diploma. Siku hizi nashika kalamu zaidi ya spana, lakini tulipoingia Baba Dogo kutoka Outer Ring Road nilijua mambo si mazuri. Kila tuta gari ilidunda mara tatu, kisha nyuma ikagonga kama mlango wa bati.

Tuanze na msingi, maana wengi huchanganya. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shokamzoba haibebi, kazi yake ni kuituliza springi. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na nguvu ya mdundo inageuka kuwa joto. Ikichoka, springi inabaki kucheza peke yake na gurudumu linaruka badala ya kukanyaga lami. Gurudumu lisilokanyaga lami halishiki breki wala halikati kona. Kwa hivyo msomaji, hili si jambo la starehe tu.

Dalili za kuangalia ni hizi. Kandamiza kona moja ya gari kwa nguvu kisha uachilie: ipande, ishuke, itulie. Ikiendelea kudunda, shokamzoba imekwisha. Angalia mwili wake kama umelowa mafuta. Papasa tairi, likiwa na mabonde mabonde, lilikuwa likiruka. Ukifunga breki na pua ikainama sana, hiyo nayo ni dalili. Mwisho pima urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa chini, huenda springi imelegea au imevunjika.

Ya mpwa wangu ilikuwa na yote mawili. Aliyekuwa nayo awali alikata springi ili gari ikae chini kwa urembo. Springi iliyokatwa huwa fupi na ngumu, haikai sawasawa kwenye kitako chake, na shokamzoba hugonga mwisho kila shimo. Ajabu ni kwamba wale mashujaa wa Safari waliinua magari yao kwa sababu ya barabara zetu. Sisi twaiga kwa kuyashusha. Tena springi moja ya nyuma ilikuwa imevunjika pete ya chini kabisa, mahali ambapo matope hukaa na kutu huanzia. Sisi wa Pwani, wenye hewa ya chumvi, tukague hapo mara kwa mara.

Kwenye ununuzi, nenda na namba ya chesisi. Impreza yenye taboo na isiyo nayo, saluni na steshenwagoni, hazilingani springi. Nunua kwa jozi, mbili za mbele au mbili za nyuma, kamwe si moja. Springi iliyotumika yaweza kufaa ikiwa haina ufa wala kutu. Shokamzoba iliyotumika ni bahati nasibu. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa kuukuu iliyopakwa rangi ikang'aa kama mpya. Badilisha pia raba za kuzuia mgongano, mifuko ya vumbi, na maunti za juu zikiwa zimepasuka.

Sasa kazi yenyewe. Egesha mahali tambarare, zuia magurudumu, inua kwa jeki kisha weka stendi. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Toa gurudumu, kisha ufungue mpira wa breki na waya unaoshikana na shokamzoba ili visivutwe. Chini mna bolti mbili kubwa. Kwa Impreza, ile ya juu ya mbele ndiyo inayorekebisha mlalo wa gurudumu, kwa hivyo ipige alama ya rangi kabla ya kuigusa. Kisha fungua nati tatu za juu: za mbele ziko chini ya boneti, za nyuma zimejificha nyuma ya kiti. Ile nati ya katikati usiiguse.

Hapa ndipo tulipokaribia maafa. Kijana aliyekuwa akitusaidia aliitoa shokamzoba nzima na springi yake, akaibana kwa miguu, akaweka spana kwenye nati ya katikati. Nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Nati hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa kwa nguvu inayotosha kubeba robo ya gari. Ikifunguka ghafla, kile chuma kinaruka kama risasi, na uso wako uko juu yake. Lazima utumie kibanio cha springi: vyuma viwili vyenye kulabu na skrubu ndefu, kimoja kila upande, ukikaza kidogo huku na kidogo kule hadi springi ilegee kwenye vitako. Waya na kamba si kibanio. Hatukuwa nacho. Tulisimamisha kazi, na safari ikaahirishwa siku moja hadi tulipoazima.

Katika kufunga, isukume shokamzoba mpya juu na chini mara kadhaa ikiwa wima ili hewa itoke. Usishike ule mti wake unaong'aa kwa koleo. Mkwaruzo mdogo utakata sili na mafuta yatavuja. Ncha ya springi ikae kwenye kizuizi chake kitakoni. Kaza nati ya katikati kabisa kabla ya kulegeza kibanio. Rudisha bolti kwenye alama zake, kisha peleka gari kwenye mashine ya kupima magurudumu, la sivyo tairi zitaliwa upande. Baada ya siku chache kagua nati zote tena.

Dada yangu alifika Mombasa usiku wa kuamkia Idd, alhamdulillahi. Nilimuuliza safari ilikuwaje, akasema hakumbuki mengi: alilala kutoka Voi mpaka Mariakani.