Nani ahesabu matofali: zabuni za ujenzi kutoka rula hadi modeli

Jioni ya tarehe 16 Oktoba 1834, jumba la Bunge la Uingereza liliteketea jijini London. Moto ulianzia kwenye matanuru yaliyokuwa chini ya ukumbi wa Malodi, ambamo vibarua walikuwa wakichoma shehena ya vijiti vya mbao vyenye alama za kukatwa. Ni vijiti ambavyo hazina ya serikali ilivitumia kwa karne nyingi kuwekea hesabu zake. Charles Barry akashinda shindano la kusanifu jumba jipya, na mpimaji Henry Arthur Hunt akapiga hesabu ya gharama: pauni 724,986. Watu wa fani huitaja kazi hiyo kuwa ya kwanza kubwa ya umma kushindaniwa kwa hati kamili ya vipimo. Ujenzi uliokadiriwa kuchukua miaka 6 ulizidi miaka 30, na gharama zikavuka pauni milioni 2. Makadirio yalikwenda kombo, lakini hati ile ya vipimo ikabaki, na ndiyo leo kila mkandarasi anaiita BOQ.

Kabla ya hati hiyo kuenea, mwenye kazi akitaka bei moja ya jumla, kila mjenzi aliyeomba alilazimika kupima michoro mwenyewe au kumlipa mtu ampimie. Wakiomba wajenzi 6, jengo moja linapimwa mara 6, na 5 kati yao wamepoteza fedha zao. Wakaona hasara hiyo haina maana. Wakaanza kumchagua mpimaji mmoja awapimie wote, na atakayeshinda amlipe ujira wake kupitia bei ya zabuni. Baadaye wenye majengo nao wakaona heri mpimaji huyo awe wa kwao. Tangu hapo wazabuni wakashindana kwa bei na ufanisi, badala ya kubahatisha idadi ya matofali.

Utaratibu huo ulifika Afrika Mashariki na ukoloni, na haukuondoka nao. Mwaka 1970 ulichapishwa mwongozo wa kanuni za upimaji wa kazi za majengo kwa Afrika Mashariki, na nchini Tanzania wenye fani hii, wakadiriaji majenzi, wana bodi moja ya usajili na wabunifu majengo. Vizazi vya wakadiriaji vimefanya kazi kwa rula ya skeli na kalamu za rangi. Ukuta ukishapimwa unapakwa rangi kwenye mchoro, usije ukahesabiwa tena. Urefu mara kimo, toa mlango, toa dirisha, andika. Mwishowe zinapatikana kurasa zenye safu za maelezo, kizio, kiasi, bei na jumla. Safu ya bei huachwa wazi, na mzabuni huijaza usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Ni kazi ya heshima inayodai macho makali, na kosa la nukta moja linaweza kumfilisi mtu.

Mwaka 1975, Charles Eastman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, aliandika katika jarida la wasanifu majengo wa nchi hiyo kwamba kompyuta iwekewe jengo lenyewe, si mistari ya mchoro. Ukuta uwe ukuta, unaojua unene wake, umejengwa kwa nini na una milango mingapi. Jengo likishawekwa hivyo, michoro itatolewa humo kwa upande wowote, na viasi vya vifaa pia. Modeli ya namna hiyo, na kazi ya kuitumia, leo huitwa BIM. Wengi wanadhani BIM ilibuniwa ili kupata picha nzuri za kumvutia mteja. Sivyo. Makadirio ya gharama yalikuwa ndani ya wazo hilo tangu mwanzo.

Utekelezaji ulichukua muda. Mwanafizikia Gábor Bojár alianzisha kampuni ya Graphisoft mjini Budapest mwaka 1982, na humo ikatoka programu ya ArchiCAD. Revit ilitoka Marekani mwaka 2000, na miaka miwili baadaye Autodesk ikainunua kwa dola milioni 133. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni kadhaa zilikwisha kukaa pamoja kutafuta muundo wa faili utakaosomeka na programu zote, na ndio IFC. Kwa mambo ya zabuni, naiona IFC kuwa na uzito kuliko programu yenyewe, kwa sababu serikali haiwezi kuwalazimisha wazabuni wote wanunue bidhaa ya kampuni moja.

Serikali zikaingia. Mwaka 2007 Denmark na Finland zilianza kudai modeli katika majengo ya umma. Uingereza ilitangaza mwaka 2011 kwamba ifikapo 2016 miradi ya serikali kuu itatumia BIM. Aliyeisukuma ajenda hiyo serikalini, Paul Morrell, alikuwa mkadiriaji majenzi kwa taaluma.

Hata hivyo, katika zabuni nyingi modeli hiyo haimfikii mzabuni. Msanifu anayo, lakini kinachotangazwa ni michoro ya PDF, kwa sababu msanifu anahofia kubebeshwa kila kosa lililomo. Hata ikiambatishwa, huandikwa kwamba ni ya taarifa tu. Basi kila mzabuni anaketi kulijenga upya jengo lile lile kwenye kompyuta yake, wa kwanza, wa pili, wa sita. Ile hasara ya wajenzi wa London imerudi, na safari hii anayeumia zaidi ni mdogo asiye na fedha za leseni.

Modeli yenyewe nayo si ya kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Msanifu akilipitisha bamba la sakafu ndani ya boriti bila kulikata, zege ya hapo inahesabiwa mara mbili. Modeli haioni jukwaa la mafundi, mbao za kufungia zege, wala mchanga unaopotea njiani. Hayo ni ya mkadiriaji, na hakuna kitufe kinachomwondoa.

Tangu mwaka 2023 zabuni za umma Tanzania zinapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kwa hiyo njia ya kuwafikishia wazabuni wote faili moja kwa wakati mmoja ipo. Pale modeli ilipokwisha kutengenezwa kwa fedha za umma, itolewe kwa IFC pamoja na BOQ. Programu za kuifungulia zipo za bure, na mkandarasi wa daraja la tano kule Songea ataona boriti ile ile anayoiona mkubwa wa Dar es Salaam. Kinachobaki ni kifungu kimoja cha mkataba, kinachoeleza kipi kitashika kati ya michoro, BOQ na modeli pale vinapopingana. Kiandikwe kabla zabuni haijatangazwa.