UZI: "Tutawaletea madaktari bingwa." Wanatoka wapi?

Kila msimu wa kampeni hapa Chepilat kuna ahadi isiyokosa kwenye spika: tutawaletea madaktari bingwa. Watu wanapiga makofi, gari linasonga. Leo tuiangalie hiyo ahadi kihistoria. Sitaji mtu wala chama, na ukitaja kwenye majibu nakupita tu.

Kwanza tuelewane. Daktari wa kawaida Kenya anasoma miaka sita, kisha mwaka wa uanagenzi. Bingwa ni huyo huyo daktari aliyerudi shule kusoma uzamili wa tiba, miaka kadhaa kulingana na fani. Lakini hii si shule ya kukaa darasani. Mwanafunzi huyu, wodini wanamwita rejistra, anapasua, anazalisha, anakesha zamu, huku bingwa mkubwa akimsimamia. Ukilazwa kwenye hospitali kubwa ya mafunzo, yule anayekuja kukuona saa nane usiku mara nyingi ni mwanafunzi. Na si tusi, ndivyo mfumo ulivyojengwa.

Mfumo huu una asili. Johns Hopkins, kule Baltimore, Marekani, ilifungua hospitali 1889 na shule ya udaktari 1893. Wakati huo shule nyingi za udaktari Marekani zilikuwa biashara: lipa, sikiliza mihadhara, chukua cheti. Hopkins ikadai uje na digrii tayari, ujifunze maabara na kando ya kitanda cha mgonjwa, na ukimaliza uishi hospitalini ukinolewa. Mwaka wa 1910 ripoti ya Abraham Flexner ikaufanya huo kuwa mfano wa nchi nzima, na shule nyingi dhaifu zikafungwa. Katika shule saba za Wamarekani Weusi, zilizosalia ni mbili tu, Howard na Meharry. Kwa hivyo hata kupandisha viwango ni siasa. Kuna mtu anafungiwa mlango.

Sasa turudi kwetu. Mafunzo ya udaktari Afrika Mashariki yalianza Makerere 1924, wodi zikiwa Mulago. Kijana wa Kenya aliyetaka kuwa daktari alivuka kwenda Uganda, na akirudi serikali ya kikoloni ilimpa cheo cha msaidizi, chini ya Mzungu. Dar es Salaam wakapata shule yao 1963. Nairobi ikapata kitivo 1967, na uzamili ukafuata miaka ya 1970.

Tangu hapo, kwa miaka mingi, bingwa wa Kenya alitengenezwa Hospitali ya Kenyatta. Na akabaki huko huko Nairobi. Amesomea pale miaka minne, ameoa au ameolewa pale, watoto wako shule pale, jioni ana kliniki yake. Halafu unamwandikia barua ya kumhamishia kaunti ya mbali! Hii ndiyo hoja yangu leo: tunabishana kuhusu kuwapeleka mabingwa mashinani, na swali la mapema zaidi ni wanasomea wapi.

Ushahidi uko karibu na sisi. Tenwek, hapo Bomet, ilianza miaka ya 1930 kama zahanati ya wamishonari. Daktari wa kwanza wa kukaa, Ernie Steury, alifika 1959 na kwa miaka kadhaa alikuwa peke yake. Leo inafundisha wapasuaji, wakiwemo wa moyo. Iliwezekana kwa sababu kuna njia nyingine mbali na chuo kikuu: Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999, kinakubali mtu ajifunze ndani ya hospitali iliyoidhinishwa kisha afanye mtihani.

Na hospitali inayofundisha huanza pia kuuliza maswali. Eneo letu lina saratani ya umio nyingi kuliko kawaida, ile ya mtu kushindwa kumeza chakula, kisha maji. Madaktari wa Tenwek wameichunguza na kuiandika kwa miaka mingi, wakionyesha kwamba inakamata hata vijana chini ya miaka 30. Kama hakungekuwa na watu wanaosoma na kufundisha hapo, nani Nairobi angeona? (Kando kidogo: tangu 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani linasema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinachangia. Sisi ni watu wa chai. Iacheni ipoe.)

Sasa pesa, ndipo moto uliko. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ilipa serikali kuu vyuo vikuu na hospitali za rufaa za kitaifa, ikapa kaunti hospitali za kaunti. Rejistra yuko wapi hapo? Ni mwanafunzi wa chuo, mara nyingi mwajiriwa wa kaunti, na jasho lake linamwagika hospitali ya kitaifa. Kaunti inaona inalipa mtu ambaye hayuko, inasita kumwachilia. Wengine wanajilipia karo na kufanya kazi ya wodi bila mshahara. Ni kama soko letu hapa, upande huu Bomet, upande ule Nyamira, na mgonjwa wa pikipiki hajui ameangukia kaunti gani.

Mgomo wa siku 100 wa 2016 hadi 2017, na ule wa siku 56 wa 2024 ambapo madaktari wanagenzi waliahidiwa 206,000 kwa mwezi kwenye mkataba kisha wakaambiwa 70,000, yote ni bili ya mafunzo inayorushwa huku na kule.

Mwaka wa 2018 tuliletewa mabingwa 100 kutoka Cuba, na mkataba ukaisha 2023. Kilichosemwa kidogo ni kwamba madaktari wetu 50 walipelekwa Cuba kusomea tiba ya familia. Kwangu hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa na akili, ila Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilikuwa kinafundisha ubingwa huo huo tangu 2005.

Kwa hivyo gari la spika likirudi, muulize: mwaka huu kaunti imeachilia madaktari wangapi kwenda kusomea ubingwa, mshahara wao unalipwa na nani, na nani ameshika zamu yao Longisa au Nyamira wakiwa hawapo?