Televisheni ya Rangi Kama Hati ya Historia: Kutoka Unguja Hadi Bukavu

Wanahistoria wa eneo letu wamezoea kutafuta ushahidi katika makaratasi: barua za wamisionari, daftari za forodha, tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Makala haya yanakusudia kupendekeza hati ya namna nyingine, ambayo kwa sasa hutupwa jalalani bila kusomwa. Nayo ni televisheni ya rangi ya zamani, ile yenye mgongo uliotuna, ambayo Watanzania huiita televisheni ya chogo. Tunadai kwamba sanduku hilo laeleza mambo ambayo makaratasi hayakuyaandika, na kwamba namna ya kulitengeneza upya yaweza kuuhifadhi ushahidi huo au kuufuta.

Tuanze Unguja, kwa kuwa huko ndiko rangi ilikotangulia. Hudhaniwa kwamba mitambo hii iliingia Afrika kwa ngazi zilezile za Ulaya: redio, kisha televisheni nyeusi na nyeupe, mwisho rangi. Zanzibar haikupanda ngazi hizo. Kituo chake, kilichoanza kati ya 1973 na 1974 wakati wa Aboud Jumbe, kilikuwa cha rangi tangu mwanzo, nacho hutajwa kuwa cha kwanza cha rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Mpango ulikuwa wa Abeid Amani Karume, aliyeuawa Aprili 1972 kabla ya kuuona ukitimia, na uwezo wa kuugharimia ulitokana na karafuu. Ng'ambo ya mkondo wa bahari, serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa, na Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hadi 1994. Kwa miaka ishirini, basi, jamhuri moja ilikuwa na raia waliotazama rangi na raia wasiokuwa na picha yoyote ya kwao. Sera hiyo yaweza kusomwa katika hotuba. Yaweza pia kusomwa katika ukweli kwamba seti ya rangi ya 1974 yatafutwa Unguja, wala haitafutwi Dodoma.

Kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Televisheni ya taifa ilizinduliwa Kinshasa Novemba 1966, ikiwa nyeusi na nyeupe. Rangi ilikuja katika mwongo uliofuata, pamoja na Cité de la Voix du Zaïre, jengo refu lililozinduliwa 1976 kwa utaalamu wa Kifaransa. Wazazi wetu hawajasahau uso wa Mobutu ukijitokeza mawinguni kabla ya habari za jioni. Rangi ya mawingu hayo ilikuwa ya Kifaransa pia: Zaire ilichukua mfumo wa SECAM, ilhali Zanzibar, Kenya na Uganda zilichukua PAL, mfumo uliobuniwa na Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken huko Ujerumani.

Msomaji asiye fundi atauliza tofauti hiyo ina uzito gani. Mifumo yote miwili hutuma mwanga na kivuli cha picha kwa namna inayokaribiana. Hutengana katika kubeba rangi. PAL hutuma ishara mbili za rangi kwa pamoja na kuigeuza mojawapo katika kila mstari wa pili. SECAM hutuma moja katika mstari huu na nyingine katika mstari unaofuata, na seti hulazimika kuikumbuka ya kwanza hadi mwenzake afike. Seti ya PAL tupu ikipokea SECAM huonyesha picha nyeusi na nyeupe, tena pengine bila sauti, kwa sababu umbali kati ya wimbi la picha na wimbi la sauti haukuwa mmoja katika nchi zote. Aliyenunua televisheni ya rangi Nairobi au Kampala, akaivusha hadi Bukavu kwa furaha, aliweza kukuta kwamba amelipia rangi isiyofunguka.

Hapo ndipo fundi anapoingia katika historia. Bukavu ni mji wa mpakani: Rwanda iko ng'ambo ya mto Ruzizi, Burundi haiko mbali, na bidhaa hufika kutoka Mombasa, Dar es Salaam na Dubai. Seti za Ubelgiji zilikuwa na faida yake, kwani Mbelgiji alipokea matangazo ya majirani wa mifumo tofauti, na watengenezaji wa huko, kama Barco, walijifunza mapema kuunda seti za mifumo mingi. Seti zisizokuwa na uwezo huo zilihitaji mkono wa fundi. Ukifungua mgongo wa seti iliyofanyiwa kazi hivyo, waweza kukuta bao dogo la SECAM lililotolewa katika mzoga wa seti nyingine na kulehemiwa pembeni. Waweza kukuta pia transfoma iliyosukwa upya kwa mkono, kwa kuwa umeme wa mji wetu, utokao Ruzizi I ya zama za Wabelgiji na Ruzizi II ya 1989, hupanda na kushuka bila kuaga. Kila kiraka ni tarehe, na kila waya ni njia ya biashara.

Sasa tuwatazame wakusanyaji wa Marekani, ambao ndio waliotunga kanuni za kazi hii. Hazina yao kuu ni RCA CT-100 ya 1954, iliyouzwa kwa dola 1,000 ikiwa na kioo cha inchi 15 tu. Seti kadhaa za namna hiyo huhifadhiwa katika Early Television Museum mjini Hilliard, Ohio. Kanuni yao ni kuirudisha seti katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Hata kapasita mpya huweza kufichwa ndani ya ganda la ile ya zamani ili macho yasione badiliko. Ni ufundi wa kuheshimiwa, na seti iliyotunzwa katika nyumba moja kwa miaka sabini inaustahili. Lakini kanuni hiyo ikihamishiwa Bukavu hugeuka kuwa uharibifu. Kuondoa bao la SECAM ili seti ifanane na picha ya katalogi ni sawa na mhariri anayefuta maandishi ya pembeni ya mswada, kisha akajisifu kuwa ameusafisha.

Kwa mwanaisimu kuna hasara ya pili. Mwenye seti katika mji wetu husema tele *ilikufa*, si kwamba imeharibika. Fundi wa Kadutu huiita seti *posti*, hutaja *tube* na *transfo*, na kulehemu kwake ni *kusude*, kutokana na kitenzi cha Kifaransa. Mwenzake wa pwani husema kioo na chogo. Mpaka wa msamiati huu wakaribiana mno na mpaka wa SECAM na PAL, kwa sababu seti, vitabu vya ufundi na walimu wa ufundi walifika kwa njia moja. Kamusi zetu sanifu hazina nafasi kwa *kusude*. Wanaolitamka wanazeeka.

Seti zenyewe zinatoweka kwa kasi zaidi. Uporaji wa 1996 na wa 2004 ulizihamisha nyingi, na Februari 2025, M23 walipoingia mjini, maduka na maghala yaliporwa tena. Zilizobaki huvunjwa kwa ajili ya shaba ya koili, na kioo chenye risasi hutupwa popote. Haya hayahitaji jumba la makumbusho kwanza. Yahitaji mtu atakayepiga picha ya ndani kabla ya chochote kung'olewa, aandike namba ya modeli na mahali iliponunuliwa, na amwekee fundi kinasa sauti aeleze kila kiraka kwa maneno yake mwenyewe, bila kusahihishwa. Mwanafunzi yeyote wa idara yetu aweza kazi hiyo. Ila asiingize mkono kabla fundi hajathibitisha kwamba tyubu imekwisha kutolewa chaji: volti 25,000 huweza kubaki humo hata baada ya waya wa umeme kuchomolewa.